Adapta ya darubini: ununue au utengeneze?

Picha nzuri ya Mwezi haidai kamera ya bei mbaya. Inadai kamera iliyotulia mahali pake, na hiyo ndiyo kazi ya adapta. Kabla ya kutoa fedha, angalia kwanza una kamera gani.

Mwenye simu

Simu hutazama kupitia lenzi ya macho ya darubini, pale pale unapoweka jicho. Kishikizi cha kununua mtandaoni ni takriban dola 15 hadi 60 za Marekani, bila usafirishaji wala ushuru. Cha nyumbani kinataka kava gumu la simu, kipande cha bomba la plastiki kinachovishwa juu ya lenzi ya macho bila kucheza, na gundi ya epoksi. Kitafaa simu moja na lenzi moja tu, lakini kwa Mwezi kinatosha kabisa.

Ugumu upo kwenye kulenga, maana mwanga unaotoka kwenye lenzi ya macho una upana wa milimita chache tu. Tumia lenzi ya milimita 20 au 25, shika simu kwa mkono mpaka duara lote lionekane, weka alama, ndipo ugundishe. Piga kwa kipima muda ili kidole kisitikise simu.

Mwenye DSLR

Hapa unaondoa lenzi ya kamera na ile ya macho. Darubini yenyewe inakuwa lenzi. Pete ya T, ile inayofungwa kwenye mwili wa kamera, pamoja na bomba lake la chuma ni takriban dola 30 hadi 50. Ukitengeneza, toboa kifuniko cha plastiki cha mwili wa kamera, gundisha bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 32, kisha lipige msasa liingie kwenye tundu la lenzi ya macho la inchi 1.25, yaani milimita 31.75.

Katika darubini nyingi za Newton, yaani za vioo, bomba la kushikia lenzi ya macho halisogei ndani vya kutosha kuleta picha kali kwenye kamera. Pete ya T ya Canon EF huongeza milimita 11 kati ya kamera na darubini. Kifuniko kilichotobolewa huongeza pungufu ya hapo, hivyo huenda kikafaulu pale pete inaposhindwa.

Ushauri wangu

Kwa simu, tengeneza. Kwa kamera nyepesi kwenye Newton, jaribu kifuniko. Kamera nzito usiiachie gundi: nunua chuma. Na ukitaka kupiga Jua, fedha ya kwanza iende kwenye chujio maalumu la kufunika mdomo wa mbele wa darubini. Hapo usibane matumizi, kwa sababu bila chujio hilo utapoteza kamera, na macho pia.