BILIONI MOJA KWA MDOLI AMBAO HAUJAWAHI KUUZWA DUKANI!

Leo naomba ukae kitako kabisa, maana haya niliyonayo ukiyasoma umening'inia mlangoni mwa daladala la Mbagala unaweza kupitilizwa kituo.

Mwaka 2024 huko Marekani, kampuni ya mnada iitwayo Heritage iliuza mdoli mmoja wa plastiki, urefu wake sentimita tisa na ushee tu, kwa dola 525,000. Piga hesabu kwa fedha zetu za madafu: zaidi ya bilioni moja. Hauna dhahabu, hauna almasi, wala hauongei. Mdoli wenyewe haujawahi kuuzwa dukani hata siku moja, na hapo ndipo utamu ulipo. Kule majuu kuna watu wazima, wana wake na watoto, ambao hawana habari na midoli iliyotoka. Wanasaka ile ambayo ilitengenezwa sampuli mbili tatu, mabosi wakaitazama, wakasema hii hapana.

Jamaa aliyeuzwa kwa bei hiyo anaitwa Boba Fett, na kasheshe yake ni ndefu kidogo. Sinema ya Star Wars ilitoka mwaka 1977, na kampuni ya Kenner ya mji wa Cincinnati ndiyo iliyopata kibali cha kutengeneza midoli ya mastaa wake. Sinema ikavunja rekodi, Krismasi ikagonga hodi, midoli haijawa tayari. Unajua walifanya nini? Waliuza boksi la kadibodi! Ndani hamna mdoli, mna makaratasi tu na cheti, kwamba mtoto akikijaza na kukiposti ataletewa midoli minne mwaka unaofuata. Angefanya hivyo muuza duka wa Kariakoo, usiku huohuo angelala Msimbazi polisi. Lakini wazazi wa kule walinunua.

Basi mwaka 1979 Kenner wakamtangaza huyo Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo, kwamba mgongoni ana roketi inayofyatuka kwa springi. Mtoto akate alama nne kutoka kwenye maboksi ya midoli aliyokwisha kununua, azitume kwa posta, aletewe bure. Kabla hajatoka ikaja habari mbaya. Mtoto mmoja wa Kimarekani alikuwa amefariki baada ya kukabwa kooni na kombora la plastiki lililotoka kwenye ndege ya kuchezea ya kampuni nyingine. Kenner wakanywea. Roketi ikagandishwa mgongoni, na watoto wakaletewa Boba Fett asiyefyatua kitu, pamoja na barua ya kueleza kwamba kifyatulio kimeondolewa kwa ajili ya usalama, na asiyeridhika airudishe apewe mdoli mwingine.

Kwa maoni yangu walifanya vizuri, koo la mtoto halina spea. Lakini zile sampuli chache za majaribio, zilizokuwa zinafyatua kweli, hazikuyeyuka. Ndizo leo zinazowatoa watu jasho mnadani.

Ni vizuri ujue sampuli inavyozaliwa. Zama hizo fundi alichonga kwanza umbo kwa nta, kwa mkono wake. Likamiminiwa kalibu ya mpira, ikatolewa nakala ya plastiki ngumu, ikapakwa rangi kwa brashi ili mabosi waione na wapiga picha waipige. Wakikubali, ndipo inachongwa kalibu ya chuma, na hapo ndipo pesa inapolia. Kalibu ikifika kiwandani, wanamimina vipande vichache kuijaribu tu, kwa rangi yoyote ya plastiki iliyopo kwenye mashine. Ndiyo maana unaweza kukutana na shujaa wa sinema akiwa wa kijani mwili mzima, kama aliyetumbukia kwenye ndoo ya rangi, na mkusanyaji akamlilia machozi.

Zilitokaje kiwandani? Wafanyakazi walizitia mfukoni wakawapelekea watoto wao, nyingine ziliokotwa kwenye mapipa ya taka. Kenner yenyewe ilinunuliwa na Tonka mwaka 1987, Tonka ikamezwa na Hasbro mwaka 1991, na mwaka 2000 ofisi za Cincinnati zikafungwa. Kila ofisi ikihama, makaratasi na makorokoro yanatupwa. Wajanja wakaokota. Feki nazo zikafuata kama kawaida ya dunia, kwa hiyo mtu hatoi mkwanja wake mpaka wataalamu wachunguze plastiki, skrubu na hata mshono wa kalibu.

Kuna mmoja aliyenichekesha peke yangu usiku. Anaitwa Vlix. Alitoka kwenye katuni ya Droids ya mwaka 1985. Midoli ya kundi hilo ikadoda madukani, Kenner wakaghairi kutoa awamu ya pili, na Vlix alikuwa kwenye hiyo awamu ya pili. Marekani hakuuzwa. Lakini kalibu zikasafirishwa hadi Brazil, kampuni ya Glasslite ikamwaga sokoni mwaka 1988. Yaani kilichokataliwa kwa matajiri kikaenda kuuzwa kwa watu wa kawaida, kama balo la mitumba linavyoteremka Tandika. Watoto wa Kibrazil wakamchezea, wakamvunja miguu, wakamtupa. Leo hao Wamarekani waliomkataa wanawapigia magoti Wabrazil wawauzie!

Ndipo nikajiuliza, kwetu Afrika Mashariki sampuli zilizokwama ziko wapi? Iliyo maarufu kuliko zote si mdoli, ni gari. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nyumbani. Yakatengenezwa matano ya mfano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, yakazinduliwa mwaka 1990 kwa shangwe. Pesa ya kiwanda haikupatikana. Matano yakabaki matano. Na siyo kwamba waliochora walikuwa hawajui kuchora. Kutoka gari moja hadi magari elfu ni safari nyingine kabisa, na nauli yake ni kubwa.

Midoli je? Mwaka 1986 kampuni ya Coleco ilitoa midoli ya Rambo. Kaka zetu wa Temeke na Manzese Rambo walimjua kwenye mabanda ya video, na sote tulimjua kwenye mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, ambayo ilisokotwa ikawa mpira wa chandimu. Mtoto aliyetaka komando alimkunja kwa waya, akamkatia ndala akawa na miguu. Kila kimoja kilikuwa sampuli ya aina yake, na hakuna aliyekitunza. Jalala lilitunza.

Nikaanza kupita kwa mafundi. Usinicheke, ila nilikuwa na nia ya kuanza mkusanyo wangu mwenyewe, kwa pesa ya nauli. Na pale Keko, katikati ya makochi na vitanda vya mninga, nikakutana na mzee mmoja wa makamo ambaye jina lake kaniomba nisiliandike, kwa sababu majirani watamcheka.

Chini ya meza ana kopo kubwa la biskuti. Alipolifungua, bwana weee! Watu sita wa mbao, wa urefu wa kiganja. Kuna mpiga debe mdomo wazi. Kuna mama ntilie na sufuria lake. Kuna trafiki mwenye kitambi, bondia, na machinga aliyejitwika ndoo ya viatu. Na kuna konda. Konda ana noti zimebanwa katikati ya vidole, na ukimbonyeza mgongoni mkono wa kulia unapiga ubavuni, ta ta, kama anayegonga bodi: "Twen'zetu!" Viungo vimeunganishwa kwa spoki za baiskeli, na kinachorudisha mkono ni kipande cha tyubu.

Mzee aliwachonga kwa vipande vya mbao vilivyobaki, akitaka siku moja viwe vya plastiki, viuzwe Sabasaba na madukani. Alikwenda kwenye kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni. Walimsikiliza vizuri tu. Wakamwambia kalibu ya kila mtu mmoja ni mamilioni, halafu lazima amimine maelfu ya vipande ndipo bei ishuke. Akawarudisha watu wake kwenye kopo.

Nikamwamkia tena kwa heshima, nikamwambia, "Mzee, niuzie huyo konda. Natoa elfu thelathini."

Akatabasamu. "Utamfanyia nini?"

"Nitamtunza, mzee. Kabatini."

Nikamsimulia habari ya Boba Fett na ile bilioni. Nilidhani atanipandishia bei, na nilishajiandaa kwa elfu hamsini, mwisho. Mzee akanyamaza, akambonyeza konda mgongoni, ta ta.

"Huyo mwenzake aliuzwa na nani? Aliyemchonga?"

Nikamwambia hapana, mzee, wanaouza ni wakusanyaji.

"Basi mwanangu, huyo aliuzwa kwa sababu ameshakufa. Kampuni imeshafungwa, hatatoka tena. Wewe ukinunua huyu ukamfungia kabatini, na yeye ndiyo basi. Huyu wangu hajafa. Hajazaliwa."

Msomaji, sikuwa na jibu. Mkusanyaji ananenepa pale tumaini la fundi linapokatika, na huyu la kwake bado halijakatika.

Wiki iliyopita nilipita tena Keko. Konda kapakwa rangi upya, shati linang'aa. Mjukuu wa mzee alikuwa anamchezea kwenye pumba za mbao, kashavunja kidole kimoja chenye noti, na mzee wala hakumkaripia. Alikuwa anachonga kingine. Aliniuliza kama namfahamu mtu yeyote mwenye mashine ndogo ya kumimina plastiki, ambaye hataki oda ya maelfu. Nikamwambia nitaulizia. Sasa nauliza: kama ni wewe, au ni mjomba wako, leta ujumbe hapa gazetini, nitakupeleka mwenyewe.