Unene wa Watoto Wetu

Ndugu zetu Waislamu, mtoto ni amana, na mwili wake ni sehemu ya amana hiyo. Wengi wetu tukimwona mtoto mnene husema ameneemeka. Lakini unene uliopita kiasi ni maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wenye umri wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi. Na miongoni mwao milioni 160 walikuwa wamenenepa kupita kiasi.

Sababu yake ni nini? Chakula huupa mwili nguvu. Na nguvu isiyotumika kwa kukua, kwa kazi wala kwa mchezo, mwili huiweka akiba kuwa mafuta. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya karibu vijiko vidogo 8. Mtoto akiinywa kila siku, kisha akaketi mbele ya televisheni hadi usiku, akiba hiyo huzidi, na huweza kumletea kisukari na shinikizo la damu angali mdogo.

Basi tusimcheke mtoto huyo wala tusimbandike majina ya dhihaka, kwani soda na chipsi hununuliwa kwa fedha zetu. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuacha tumboni nafasi ya maji na ya pumzi. Na tuanze sisi wazazi: maji mahali pa soda, matunda mahali pa peremende, na mchezo wa saa moja kila siku.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana yake. Amin.