Moyo ukienda kombo, vipimo vianzie Songea

Kutoka Songea hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Ukipanda basi moyo ukiwa unakwenda mbio, huenda ukafika umeshatulia, na daktari akakuta kipimo hakionyeshi kitu. Matatizo ya mapigo ya moyo ndivyo yalivyo: yanakuja na kuondoka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya huku huku nyumbani: kuyanasa mapigo wakati yakiwa yamevurugika.

Moyo una umeme wake

Kila pigo la moyo huanza na ishara ndogo ya umeme. Ishara hiyo hutoka sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ikashuka hadi vyumba vya chini. Moyo hubana, damu ikasukumwa mwilini.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Wanaofanya mazoezi sana wanaweza kuwa chini ya 60 na wakawa wazima kabisa. Umeme ukipata hitilafu, moyo hukimbia mno, huenda polepole mno, au hupiga bila mpangilio.

Jipime mwenyewe

Kaa utulie kwa dakika tano. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Ukihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, moyo usio na mpangilio utakudanganya.

Andika idadi, saa, na ulichokuwa unafanya. Daktari atapata mwanga kutoka kwenye karatasi hiyo.

Si kila anayeanguka ana kifafa

Moyo ukisimama au kukimbia mno kwa sekunde kadhaa, ubongo hukosa damu na mtu huzimia. Anaweza hata kutikisika mikono na miguu. Majirani watasema kifafa, wengine watasema mashetani. Kama ndugu yako anaanguka ghafla, hasa akiwa kwenye kazi nzito, au kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, omba apimwe moyo pia.

Kipimo cha ECG

Hiki ndicho kipimo kikuu. Unabandikwa vinasa umeme kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mapigo kwenye karatasi. Hakiumi na huchukua dakika chache tu.

Lakini karatasi ile kwa kawaida inaonyesha sekunde kama 10 tu. Ikiwa safi, maana yake moyo ulikuwa sawa kwa sekunde hizo. Basi uliza mapema ni wapi karibu nawe kuna mashine inayofanya kazi, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa (HOMSO) au Hospitali ya Peramiho. Moyo ukianza fujo, nenda saa hiyo hiyo. Majibu yapige picha kwa simu, maana wino wa karatasi nyingi za ECG hufifia.

Daktari anaweza kuongeza kipimo cha ECHO, kuangalia damu na tezi ya shingo, au kukuvisha kifaa kinachorekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi.

Aina inayoleta kiharusi

Kuna hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kubana. Damu hutuama humo na kuganda. Bonge likichomoka na kwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Hatari yake ni takribani mara tano ya mtu asiye na hali hiyo, na mgonjwa anaweza asihisi chochote kabla.

Presha, umri mkubwa, tezi na pombe nyingi huchangia. Kwetu Afrika kuna chanzo kingine: maambukizi ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa, baadaye yakaharibu valvu za moyo. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe kituo cha afya, asiishie kwenye maji ya chumvi.

Wengi wenye hali hii hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Anayetumia warfarin lazima apime damu mara kwa mara, na asinywe diclofenac au aspirin bila kumuuliza daktari. Mboga za majani aendelee kula, ila kwa kiasi kisichobadilika sana.

Tiba nyingine

Wapo wanaotulia kwa vidonge vya kupunguza kasi. Wengine hupigwa shoti ya umeme hospitalini ili moyo urudi kwenye mpangilio, au hupitishiwa mrija kwenye mshipa na kuunguzwa sehemu ndogo inayosababisha hitilafu.

Moyo unaokwenda polepole mno huwekewa betri, kazi ambayo JKCI inaifanya hapa nchini. Mtu wa kwanza kupandikiziwa betri hiyo alikuwa Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Ya kwanza ilikufa ndani ya saa chache, akabadilishiwa nyingine nyingi, na aliishi hadi 2001.

Ukipewa rufaa, beba barua, dawa unazotumia na karatasi zote za ECG, hata za zamani.

Usisubiri basi la asubuhi

Mapigo yakivurugika pamoja na kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hiyo ni dharura. Nenda hospitali ya karibu sasa hivi. Safari ya Dar itapangwa baadaye, mgonjwa akishatulizwa.