Mtoto Mdogo Naye Aone Wanyama

Wazazi wenzetu, Agosti iliyopita sisi familia nne za jumuiya yetu tulichanga pesa, tukakodi matatu kutoka Nyeri hadi Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Mdogo kabisa kati yetu alikuwa wa mwaka mmoja na miezi minane. Mkubwa kabisa alikuwa cucu yake. Tangu turudi tumeulizwa swali lile lile: mtoto wa umri huo anafaidi nini, si ni kupoteza nauli tu? Tumeona afadhali tueleze mambo yalivyokwenda, makosa yetu yakiwemo.

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Tulipatana kuondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka saa mbili unusu, maana kulikuwa na watu wa kungojewa (mnajua wenyewe). Wanyama huonekana vizuri asubuhi na jioni. Jua likikaza, simba na ndovu hutafuta kivuli. Mtoto naye hutaka kulala mchana. Kwa hivyo anayefika mapema hana shida: mtoto atalala wakati simba naye amelala. Sisi tulipofika langoni wetu alikuwa ameshachoka, na twiga wa kwanza walipita yeye akikoroma.

Mvisheni nguo za kuvua na kuvaa tena. Asubuhi pale Naro Moru baridi ya mlima inauma, lakini saa sita Nanyuki jua linachoma, maana mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Sweta, kofia na leso ya kumfunika. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani. Watu wazima wabebe vitambulisho, kwa sababu mwananchi halipi sawa na mgeni.

Sasa tuje kwa jambo tulilojifunza zaidi. Tulipomwonyesha mtoto ndovu waliokuwa mbali, yeye alitazama kidole chetu! Kitu cha mbali hakimhusu. Lakini ngiri alipovuka barabara mbele ya gari na watoto wake, mikia juu, alipiga kelele: “Ng'ombe!” Pundamilia akawa ng'ombe, kanga wakawa ng'ombe. Dereva alizima injini tukakaa hapo kama robo saa. Wakubwa walilalamika ati tunakosa simba, lakini hiyo robo saa ndiyo mtoto anayoiigiza nyumbani hadi leo. Ukienda na mdogo, usikimbize gari. Na asitolewe kichwa dirishani hata kidogo, wala mtu asishuke ila mahali paliporuhusiwa.

Kosa la pili lilitutia hofu. Mahali pa kulia chakula tulimpa ndizi mkononi, tukageukia chapati zetu. Kufumba na kufumbua tumbili alikuwa ameinyakua. Hakumkwaruza, tunashukuru, lakini angeweza. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na tumbili, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano ya kichaa cha mbwa. Mdogo alishwe ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Basi.

Kwa sokwe, mtoto mwenye mafua abaki nyuma, kwani mafua yetu huwaambukiza. Sokwe si wanyama wa Kenya. Makao yao pale yalifunguliwa mwaka 1993, na wa kwanza waliletwa kutoka Burundi kwa sababu ya vita.

Cucu alikuwa kimya safari nzima. Alikulia kando ya msitu wa Nyandarua, siku za kabla ya ua wa stima uliokamilika mwaka 2009, na kwake ndovu ni mwizi wa mahindi anayekuja usiku. Hakuwahi kumwona mchana akila majani yake mwenyewe. Alitazama, akasema tu, “Kumbe ana kope ndefu.”

Mwishowe tulilipa zaidi kidogo tukawaone Najin na binti yake Fatu, vifaru weupe wa kaskazini, ambao duniani wamebaki hao wawili tu. Waliletwa mwaka 2009 kutoka bustani ya wanyama ya nchi ya Cheki. Sudan, dume wa mwisho, alifia hapo Machi 2018. Hawa wawili hawawezi kubeba mimba. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakichukua mayai na kuyaunganisha na mbegu za madume zilizogandishwa, wakitarajia kifaru mweupe wa kusini awabebee. Mwaka 2024 walitangaza kuwa njia hiyo iliwahi kushika mimba, ingawa ilikuwa ya kifaru wa kusini. Askari huwalinda mchana na usiku.

Cucu alimuuliza askari yupi ni mama. Akaonyeshwa. Akamwinua mjukuu juu, naye akasema, kama tulivyotarajia, “Ng'ombe.” Cucu hakumrekebisha.

Tuliondoka saa tisa, na tulipofika Kiganjo watoto wote walikuwa wamelala. Tunaochanga tena ni kwa ajili ya Aprili, shule zikifungwa. Anayetaka nafasi aseme mapema, na safari hii gari halitangoja mtu.