Supachaja ndiyo inayopanga bei ya jetiski ya mitumba

Wenye mtaji mdogo wanaotafuta chombo cha kukodisha ufukweni, iwe Nungwi, Nyali au Diani, hukutana mara kwa mara na jetiski kuukuu zenye supachaja. Chombo kina kasi, rangi bado inang'aa, na bei iko chini kuliko mnunuzi alivyotarajia. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini unafuu huo mara nyingi ni deni ambalo muuzaji anamwachia mnunuzi, na jinsi ya kulikadiria deni hilo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

KIFAA CHENYEWE

Supachaja ni pampu ya hewa inayoendeshwa na injini yenyewe. Hushindilia hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, petroli nyingi zaidi ikaungua, na nguvu ikaongezeka bila injini kuwa kubwa. Mfano unaofahamika sana sokoni ni Sea-Doo yenye injini ya Rotax 4-TEC ya silinda tatu na ujazo wa takriban lita 1.5. Toleo lenye supachaja lilianza na modeli za mwaka 2003 likiwa na nguvu za farasi 185. RXP ya mwaka 2004 ilifikia farasi 215. Vyombo vya miaka hiyo ndivyo vinavyozungushwa leo na madalali kama mitumba.

Ndani ya supachaja hiyo mna feni ndogo iliyofungwa kwenye shafti. Shafti huzungushwa na gia inayopokea mwendo kutoka kwenye injini. Injini ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika, feni huzidi mizunguko 40,000. Kwa kasi hiyo, beringi iliyolegea kidogo tu inatosha kuifanya feni ikwaruze nyumba yake.

HATARI ILIPOJIFICHA

Kati ya gia na shafti kuna klachi ya kuteleza. Kazi yake ni kupunguza kishindo. Jetiski ikiruka wimbi, injini hupanda mizunguko ghafla kwa kuwa haina maji ya kusukuma, kisha hushuka ghafla inapotua. Klachi huteleza kidogo ili gia na shafti visivunjike.

Katika matoleo ya awali, klachi hiyo ilitumia washa za kauri, yaani visahani vyembamba vyenye tundu katikati. Kauri hushika vizuri, lakini ikichoka haipindi bali hupasuka. Na kwa kuwa supachaja hutumia oili ileile ya injini, vipande huanguka ndani ya injini na kusafiri na oili hadi kwenye beringi na pampu. Hapo mwenye chombo hatengenezi tena supachaja, bali anatafuta injini. Baadaye washa za chuma zilichukua nafasi ya zile za kauri, na fundi anaweza kuzifunga kwenye supachaja ya zamani. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: je, washa zilibadilishwa, na iko wapi risiti?

SAA 100 NI NYINGI AU CHACHE?

Kwa supachaja hizo za zamani, mwongozo ulitaka zifunguliwe na kufanyiwa ukarabati kila saa 100 za injini au kila miaka 2. Matoleo yaliyofuata yaliongezewa muda hadi saa 200, na injini ya farasi 300 iliyotoka mwaka 2016 ilitangazwa kuwa na supachaja isiyohitaji ukarabati wa ratiba.

Ratiba ya saa 100 au miaka 2 inamfaa mtu mwenye chombo chake binafsi, anayekiendesha saa 50 hivi kwa mwaka. Mkodishaji yuko katika hali nyingine kabisa. Jetiski ikifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hizo ni saa 100 ndani ya mwezi mmoja. Gharama ambayo mwenye chombo binafsi huiona mara moja katika miaka 2, mkodishaji huiona kila mwezi katika msimu wa wageni.

Tena wateja wa kukodi wengi ni wageni wa chombo. Hukaba mafuta na kuachia ghafla, na hutafuta mawimbi ya kuruka. Hayo ndiyo mambo yanayoichosha klachi kuliko yote.

UKAGUZI KABLA YA KUNUNUA

Mnunuzi anashauriwa kufika na fundi anayezijua injini hizi, na kufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, saa za injini zisomwe kutoka kwenye kompyuta ya injini kwa chombo cha uchunguzi. Neno la dalali halitoshi. Saa hizo zilinganishwe na risiti za ukarabati.

Pili, bomba la hewa lifunguliwe na feni imulikwe kwa tochi. Mapengo kwenye mapanga yanaonyesha kuwa kitu kiliingia. Mikwaruzo kwenye ukuta wa nyumba inaonyesha beringi zimelegea. Shafti ishikwe na kutikiswa: ikicheza upande kwa upande, supachaja lazima ifunguliwe. Unyevu kidogo wa oili ndani ya bomba si ajabu, lakini oili iliyotuama ni dalili kuwa sili imechoka.

Tatu, oili imwagwe na filta ichanwe. Chembe nyeupe au za chuma ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei.

Nne, nguvu ya kuteleza ya klachi ipimwe kwa spana ya kupimia nguvu na kifaa cha kuzuia gia. Kipimo kikiwa chini ya kile cha mwongozo, klachi imelegea. Kikizidi sana, klachi imekwama na haitapunguza kishindo.

Tano, chombo kijaribiwe baharini. Injini ya farasi 215 iliyo nzima hukaribia mizunguko 8,000 mafuta yakiwa wazi kabisa. Ikigoma kwenye 7,000 na kitu, mshukiwa wa kwanza ni supachaja. Mizunguko ikiwa juu lakini mwendo ukawa mdogo, kasoro itafutwe kwenye rafadha na pete inayoizunguka, ambako matengenezo ni nafuu zaidi.

UKARABATI

Fundi huishusha supachaja, huifungua, hubadilisha beringi, washa, sili na nati, husafisha kila kipande, kisha hupima tena nguvu ya klachi kabla ya kuirudisha. Kama washa za kauri zimepasuka, hukusanya vipande na kuvihesabu. Visipotimia, sampo na vichujio vya oili ndani ya injini navyo hufunguliwa. Fundi anayefunga mpya bila kutafuta vipande vya zamani hajaokoa kitu.

Oili nayo ina masharti yake. Klachi hii hufanya kazi ikiwa imelowa oili, hivyo oili ya sintetiki tupu inaweza kuifanya iteleze kupita kiasi. Kwa injini hizi za zamani fuata oili iliyotajwa na mtengenezaji, na usipokee oili yoyote kwa sababu tu ni ya bei kubwa.

HESABU YA MNUNUZI

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Jetiski inauzwa 100. Fundi anadai 15 kwa spea na kazi ya supachaja. Kama hakuna risiti, bei halisi ya chombo hicho ni 115, na mnunuzi ana haki ya kuanza mazungumzo kwenye 85. Muuzaji akikataa filta isichanwe wala bomba lisifunguliwe, naye ametoa jibu.

Kisha hesabu ya kukodisha. Gawanya hiyo 15 kwa saa 100: kila saa ya kukodi inadaiwa 0.15 kabla ya petroli, mshahara wa kijana wa ufukweni na siku ambazo chombo kiko gereji. Fedha hiyo itengwe kila jioni. Asiyeitenga huiona kama faida, akaitumia, kisha akaikopa siku ya ukarabati.

USHAURI

Kwa biashara ya kukodisha kwa saa, injini isiyo na supachaja ndiyo inayolinda mtaji. Yamaha VX 110, iliyoingia sokoni kwa modeli ya mwaka 2005, na Sea-Doo GTI ya farasi 130 ni mifano miwili. Mgeni anayelipia dakika 20 hahitaji farasi 215, wala halipi zaidi kwa sababu zipo.

Mwenye supachaja ya zamani tayari anashauriwa kubadilisha washa za kauri sasa, hata kama chombo kinakwenda vizuri, kuweka daftari la saa, na kusimamisha chombo saa zinapotimia hata kama foleni ya wateja ni ndefu. Anayenunua ili auze tena afanye ukarabati yeye mwenyewe na atunze risiti. Katika soko hili, jetiski yenye risiti huuzika haraka kuliko yenye rangi mpya.