Bure Si Huria

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili pale ambapo Kiingereza kina moja. Kitu kisicholipiwa tunakiita cha bure. Kitu ambacho hakikufungiwa na mtu mmoja, ambacho kila ajaye ana haki nacho, tunakiita huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoza ada, na hakuna mwanafunzi anayeona ajabu, kwa sababu jina lake lahusu mlango, halihusu karo. Tofauti hiyo tunaielewa vizuri tukizungumza juu ya elimu au soko, lakini tunaisahau tukishika simu. Programu ya picha ikitangaza kwamba haina malipo, tunaipakua papo hapo, tunaikabidhi harusi zetu, sura za wazazi wetu na miaka kumi ya maisha yetu, wala hatuulizi nani ameshika ufunguo. Nami nashikilia kwamba swali la ufunguo linatangulia swali la bei, iwe mtu anatafuta picha, anaihariri au anaisambaza.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia, tena fupi. Picnik ilikuwa huduma ya kuhariri picha ndani ya kivinjari, rahisi kiasi kwamba hata asiyejua kompyuta aliweza kukata kingo za picha, kuing'arisha na kufuta wekundu wa macho. Google waliinunua mwaka 2010, wakaifunga Aprili 2012. Picasa, ambayo kampuni hiyohiyo iliipata mwaka 2004 na ambayo watu wengi waliizoea kwa kupangia albamu zao, ilisitishwa mwaka 2016. Kabla haijasitishwa, mrithi wake alikwisha kuzaliwa: Google Photos ya mwaka 2015, iliyotoa nafasi isiyo na kikomo kwa yeyote aliyekubali picha zake zibanwe kidogo. Watu walimiminika. Novemba 2020 kampuni ilisema imehifadhi picha zaidi ya trilioni 4, na katika tangazo hilohilo ikaeleza kwamba kuanzia Juni 1, 2021 kila akaunti isiyolipiwa itakuwa na gigabaiti 15 tu, na humo zimo barua pepe na mafaili mengine. Picha moja ya simu ikiwa na megabaiti 3, nafasi hiyo inajaa kwa picha 5,000, hapo hujahifadhi video hata moja. Masharti yaliwaruhusu kufanya hivyo, na picha za zamani hazikufutwa. Ila mazoea yalikuwa yamekwisha kuota mizizi, na kuhamisha picha za miaka sita kwa bando la kununua si kazi ndogo. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa na mkeka akilini, lakini sijui usemi unaolielezea jambo hili vizuri zaidi.

Kisa cha Flickr kinafundisha zaidi, kwa sababu ndani yake bure na huria vilikaa nyumba moja, na siku ya tufani kimoja kikaanguka, kingine kikasimama. Huduma hiyo ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2004, ikanunuliwa na Yahoo mwaka uliofuata. Mwaka 2013 ikawapa watumiaji wote terabaiti nzima bila malipo, nafasi ambayo mtu wa kawaida asingeijaza maisha yake yote. Mwaka 2018 ikauzwa tena, na mmiliki mpya akatangaza kwamba akaunti za bure zitabaki na picha 1,000. Zinazozidi zitaanza kufutwa mwaka 2019. Lakini tangu zamani Flickr iliwaruhusu wapiga picha kuchagua leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwenye picha anatamka hadharani kwamba wengine wanaweza kuitumia, kwa kawaida mradi wamtaje. Machi 2019 kampuni ikatangaza kwamba picha zote za hadharani zenye leseni hizo hazitaguswa, hata kama mwenyewe amevuka kikomo. Kwa hiyo watu wawili waliotumia huduma moja, kwa bei ileile ya sifuri, walikuwa na majaliwa tofauti, na kilichowatenganisha ni sentensi moja ya leseni. Picha huria ilikuwa na watetezi wengi, kwa kuwa wengi walikuwa na haki nayo. Picha ya bure ilikuwa na mwenyewe peke yake, naye pengine alikuwa amesahau nywila.

Katika kutafuta picha, kosa la kawaida ni kudhani kwamba kinachoonekana kimeruhusiwa. Google Images huonyesha picha zilizolala kwenye tovuti za watu. Haizimiliki wala haitoi ruhusa ya kuzitumia. Mwenye mgahawa anayechukua humo picha ya pilau na kuibandika kwenye bango lake anaweza kudaiwa, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na ile ya Tanzania ya 1999 zote zinalinda kazi za picha. Anayetaka picha ya kutumia bila hofu ana mahali bora pa kwenda. Openverse hupekua zaidi ya kazi milioni 700 za picha na sauti zenye leseni huria. Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, imevuka mafaili milioni 100. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilifungua picha milioni 2.8 kwa mkupuo Februari 2020. Picha nyingi za shirika la anga la NASA hazina hakimiliki, na miongoni mwake imo ile ya Desemba 1972 iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17, ambamo dunia yote inaonekana kama gololi na Afrika imejitanda juu yake. Hata hapa masharti yasomwe. Unsplash ilianza mwaka 2013, baadaye ikatoa picha zake kwa leseni iliyoachia haki zote. Mwaka 2017 ikaibadilisha kwa leseni yake yenyewe yenye vizuizi, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Getty Images, kampuni kubwa ya kuuza picha. Bado ni ya bure. Ufunguo umehama mkono.

Lipo tatizo jingine la kutafuta, nalo linatuhusu sisi kuliko wengine. Mashine nyingi za kutafuta hutegemea sana maneno yaliyoandikwa chini au kando ya picha. Chukua vyombo vya pwani yetu. Kiingereza kina neno moja, "dhow", na chini ya neno hilo hurundikwa jahazi lenye tezi pana, mashua, dau lililochongoka pande zote mbili, na hata ngalawa, ambayo ni gogo lililochongwa na kuwekewa vibao ubavuni lisipinduke. Mtepe nao, ule uliounganishwa mbao kwa kamba bila msumari wa chuma, humezwa humohumo. Mtoto wa shule wa Lamu au Tanga akiandika "ngalawa" atapata picha chache, si kwa sababu ngalawa hazikupigwa picha, bali kwa sababu aliyeziandikia maelezo hakuwa na neno hilo. Hali ni hiyohiyo kwa picha za kale. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na umewekwa mtandaoni yeyote auone. Ni hazina kubwa. Lakini maelezo yake yako kwa Kiingereza, na wapiga picha wa enzi zile mara nyingi waliandika kabila au kazi ya mtu badala ya jina lake. Hapa ndipo uhuria unapoishinda bure kwa mbali: tangu mwaka 2019 Wikimedia Commons imeruhusu picha moja iwe na maelezo mafupi katika lugha yoyote, na mtu yeyote anaweza kuyaongeza. Kuandika "ngalawa ikirudi ufukweni" chini ya picha iliyopigwa na mgeni ni kazi ya nusu dakika, na kuanzia hapo picha hiyo inapatikana kwa Kiswahili. Huduma ya bure iliyofungwa kwa kawaida haikuruhusu kugusa maelezo ya picha ya mwingine.

Kuhusu kuhariri sina mengi, kwa sababu hapa chombo kikifa picha haifi, mradi nakala ya asili umeitunza. Snapseed inatosha kwa simu. Photopea hufanya kazi ndani ya kivinjari na hufungua hata mafaili ya Photoshop. Inaendeshwa kwa matangazo, msimbo wake haukufunguliwa, lakini ina sifa moja ya maana: picha huchakatwa kwenye kompyuta yako, haipelekwi kwenye seva. Programu huria hasa ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wote wawili waliiacha zamani. Ingekuwa mali ya kampuni, ingezikwa siku hiyo kama Picnik; kwa kuwa msimbo wake ni wa wote, wengine waliuokota, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Ni ngumu kujifunza kuliko Snapseed, hilo nakubali.

Kusambaza ndiko kunakoleta hasara ya kimyakimya. Kwetu picha husafiri kwa WhatsApp, na WhatsApp huibana ili isile bando. Tangu 2023 unaweza kuchagua ubora wa juu, lakini anayetaka faili kamili aitume kama hati. Picha ikibanwa hupoteza pikseli, na vilevile taarifa zilizojificha ndani ya faili: tarehe, saa, aina ya kamera, wakati mwingine mahali hasa ilipopigwa. Taarifa hizo ni kumbukumbu njema kwa familia na ni hatari mikononi mwa mgeni, kwa hiyo faili kamili ipewe ndugu, ile iliyobanwa ipewe umma. Na kabla ya kuupa umma kitu chochote chenye sura ya mtu, mwenye sura aulizwe. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Leseni huria huondoa kizuizi cha hakimiliki. Haiondoi heshima ya mtu aliye ndani ya picha.

Atasema mtu kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi. Mama mwenye simu iliyojaa na bando la siku moja anahitaji huduma itakayopokea picha zake leo, hana muda wa leseni. Hoja hiyo ina uzito, na simwambii aache Google Photos au WhatsApp. Namwambia azitumie kama njia ya kupitia, na picha kumi au ishirini za mwaka ambazo hatakubali zipotee aziweke mahali pa pili: kadi ya kumbukumbu, kompyuta ya ndugu, hata karatasi. Mpiga picha wa mtaani naye atauliza atakula nini akigawa kazi yake. Jibu ni kwamba leseni huria huchaguliwa na mwenye picha, kwa picha moja moja. Harusi aliyolipwa abaki nayo kwa hakimiliki kamili, na atumie TinEye, huduma ya bure iliyopo tangu 2008, kusaka walioichukua bila idhini. Picha ya daraja, ya soko, ya chombo baharini, ambayo haitamletea senti, ikitoka huria itabeba jina lake mbali. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba hata Wikimedia Commons inaweza kufa. Inaweza, kweli. Lakini kila kilichomo kinaruhusiwa kunakiliwa na yeyote, kwa hiyo kufa kwake hakutakuwa kufa kwa picha.

Uzito wa jambo hili huonekana siku kitu chenyewe kinapotoweka. Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil yalipoungua Rio de Janeiro, wito wa kwanza uliotoka kwa watu wa Wikipedia ulikuwa wa picha: yeyote aliyewahi kupiga chochote mle ndani akipakie. Kwetu, Desemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani, Zanzibar, na watu wakapoteza maisha. Fundi atakayerudisha nguzo, roshani na milango ya nakshi anahitaji kuona kila pembe jinsi ilivyokuwa. Commons ina picha za jumba hilo, nyingi za upande wa baharini, kama watalii wapendavyo. Za ndani, za ngazi, za ubavu wa nyuma, zilipigwa na wanafunzi waliopelekwa kutembelea makumbusho yaliyokuwa humo, na familia zilizopiga picha za Idi, na jamaa waliokuja kutoka Muscat na Dubai. Ziko kwenye simu za zamani na kwenye akaunti ambazo nywila zake zimesahaulika. Mwenye nayo moja aiweke, aandike chini yake kwa Kiswahili mwaka, ghorofa na upande wa jengo, achague leseni, na fundi wa Mji Mkongwe ataipata kwa kuandika maneno mawili: ngazi, Beit al-Ajaib.