Kiti Kilichokaa Wazi Miaka Kumi

Leo tunataka kuzungumza nanyi habari za ndugu zetu Wakatoliki. Tafadhali msizime redio! Twajua kuna mzee wa kanisa mahali fulani ambaye amekwisha kunyosha mkono kwenye kifungo. Ngoja kidogo, baba, utuvumilie hata mwisho.

Mara nyingi tumeulizwa swali hili: Je, Wakatoliki hupataje askofu, nao mbona hufurahi hivyo hata kama hawakumchagua? Bila shaka mmeona jambo hilo kwa macho yenu. Barabara inajaa watu tangu alfajiri, kina mama wamevaa vitenge vya sare, watoto wameshika matawi, ngoma zinalia, na gari likitokea kwa mbali vigelegele vinapanda mpaka mbinguni. Jumatatu jirani yako Mkatoliki anakuja kazini sauti imemkauka. Wewe Mprotestanti ulisimama kando ya njia ukitazama, ukajiuliza, huyu mtu wamemjua lini?

Basi, kwa kifupi mambo yako hivi. Kwetu sisi, ikiwa ni Waanglikana, wajumbe hukutana wakapiga kura. Wapresbiteri humchagua Moderata katika Mkutano Mkuu, naye hushika kazi kwa muda uliowekwa kisha akampisha mwenzake. Wakatoliki hawapigi kura. Maaskofu wa nchi huwa na orodha ya mapadri wanaofikiriwa kufaa. Kiti kinapokuwa wazi, balozi wa Papa huuliza watu kwa siri, mapadri kwa waumini wa kawaida, kwamba mtu huyu ni wa namna gani, anaishije, anafundisha nini, fedha zikipita mikononi mwake hupungua au hapana. Kisha majina matatu hupelekwa Roma, na Papa huchagua. Sheria yao yasema mtu huyo awe ametimiza angalau miaka 35, na awe padri kwa miaka isiyopungua 5. Naye huulizwa kama yuko tayari kabla jina lake halijatangazwa, aweza kukataa.

Siku ya kuwekwa wakfu barua ya Papa husomwa mbele ya watu wote. Mteule hulala kifudifudi sakafuni wakati wengine wakiomba. Ndipo maaskofu waliopo humwekea mikono kichwani, mmoja mmoja, kimya kabisa, hata kikohozi kinasikika. Kitabu cha Injili hufunguliwa na kushikiliwa juu ya kichwa chake kama paa la nyumba. Hupakwa mafuta, hupewa Injili, pete, kofia na fimbo ya mchungaji. Mwisho huketishwa katika kiti chake. Neno kathedrali latokana na kiti hicho. Ni kanisa lenye kiti cha askofu, hata likiwa la mabati.

Hatutaficha kwamba tunatofautiana nao. Sisi hatumwiti Papa baba wa makanisa yetu. Tena Paulo alipomwandikia Timotheo juu ya kazi ya askofu, katika sura ya tatu ya waraka wa kwanza, alitaja mke wake na watoto wake, nao maaskofu wa Kikatoliki hawaoi. Lakini soma sura ile tena, ndugu. Paulo hakuanza na fimbo wala kofia. Alitaka kujua kama mtu ni mlevi, kama ni mgomvi, kama anapenda fedha, kama mgeni akifika kwake hukaribishwa. Wakatoliki na sisi twasoma sura hiyo moja, nayo hutuhukumu sote.

Sasa tuwapeleke Rumbek.

Rumbek ni mji wa Sudan Kusini, katika nchi ya Wadinka, watu wa ng'ombe. Wengi wenu mmewajua watu wa nchi hiyo hapa kwetu, katika kambi ya Kakuma kule Turkana, iliyofunguliwa mwaka 1992, na katika shule na makanisa ya Nairobi. Jimbo Katoliki la Rumbek liliundwa mwaka 1974. Askofu wao Cesare Mazzolari, Mwitaliano wa shirika la Wakomboni, alikaa nao katika miaka mibaya ya vita. Nchi yao ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Juma moja tu baadaye, tarehe 16, mzee huyo alianguka akiwa anaadhimisha Misa, akafa. Aliuona uhuru kwa siku saba.

Baada ya hapo kiti kikakaa wazi. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tano. Waliwekwa wasimamizi wa kuangalia kazi, lakini msimamizi si mwenye nyumba. Kila afunzaye katika makanisa anajua jinsi mambo yanavyokuwa pale mchungaji asipokuwapo kwa muda mrefu: kuna watakaozoea kushika funguo, na kuna watakaoanza kudhani kwamba funguo ni mali yao. Katikati ya hayo nchi yenyewe ikaungua. Mnamo Desemba 2013 vita vikazuka, na kwa sehemu kubwa Wadinka na Wanuer wakasimama pande mbili. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mwaka 2018, lakini kutia sahihi ni kazi ya siku moja, na kusahau si kazi ya siku moja.

Tarehe 8 Machi 2021 jina likatangazwa. Askofu mteule wa Rumbek alikuwa padri Christian Carlassare, Mwitaliano, naye pia Mkomboni. Alikuwa na umri wa miaka 43, akahesabiwa kuwa mdogo kwa umri kuliko maaskofu wote wa Kikatoliki ulimwenguni. Hakuwa mgeni katika nchi hiyo. Aliingia mwaka 2005, ingali Sudan moja. Lakini je, aliishi wapi? Aliishi kwa Wanuer, kule Fangak, kwenye vinamasi vya mto Naili. Alijifunza Kinuer. Sasa anatumwa kwa Wadinka. Ninyi mlio na masikio ya kusikia mmekwisha kuelewa, hatuna haja ya kueleza zaidi. Sisi Wakenya twaijua lugha hiyo.

Alifika Rumbek katikati ya Aprili, akapokewa kwa shangwe. Kuwekwa wakfu kulipangwa tarehe 23 Mei. Lakini usiku wa manane, kuamkia tarehe 26 Aprili, watu wenye bunduki walikuja nyumbani kwake, wakampiga risasi miguuni. Miguu yote miwili. Alipoteza damu nyingi. Akapelekwa hospitalini pale mjini, kisha kwa ndege mpaka Juba, na kutoka Juba akaletwa hapa kwetu Nairobi atibiwe.

Wapenzi, hebu tukae hapo kidogo. Mtu ametoka katika nchi yake akiwa kijana. Amekula chakula cha watu, amejifunza lugha yao ngumu. Anapewa kundi jipya. Kabla hata hawajamwekea mikono, wengine wamemwekea risasi. Ingekuwa wewe, ungerudi? Kitandani mwake mtu huyo alitoa neno, nalo lilifika Rumbek mbele ya miguu yake: kwamba amewasamehe waliompiga, na kwamba watu wa jimbo lake wasilipize kisasi, waombe tu. Hakusema hivyo baada ya miaka mingi jeraha lilipokwisha kupona. Alisema wakati bandeji zingali zimelowa.

Tena hakusema kwamba sheria isifanye kazi yake. Jambo hili twalichanganya mara nyingi katika mahubiri yetu. Kusamehe si kumwomba hakimu aende nyumbani. Mashtaka yalisikizwa Juba, na mwaka 2022 mahakama ikawatia watu kadhaa hatiani, wakafungwa. Mmoja wao alikuwa padri wa jimbo lile lile la Rumbek.

Twasikia mtu akiguna huko, akisema, hayo ni mambo ya Wakatoliki. Taratibu, ndugu! Sisi je? Hatutataja kanisa wala mahali, lakini nani asiyejua ushirika wa Kiprotestanti katika nchi hii ambamo uchaguzi wa askofu au mchungaji ulikwisha mahakamani? Tumeona kufuli mbili juu ya mlango mmoja wa kanisa. Tumeona askari polisi amesimama kati ya waimbaji wa upande huu na waimbaji wa upande ule, Jumapili asubuhi, watoto wakitazama. Na ukiuliza, huyu mchungaji mliyemkataa amekosa nini, je, ni mlevi, amekula sadaka, amehubiri uongo? Wanainama. Hatimaye mmoja atakuambia kwa sauti ya chini, si mtu wa kwetu. Sura ya tatu ya Timotheo haina fungu lenye maneno hayo, tumeitafuta.

Basi kupiga kura hakukutuponya ugonjwa huo, wala kutopiga kura hakukuwaponya Wakatoliki. Ugonjwa hauko katika sanduku la kura.

Tarehe 25 Machi 2022, miezi 11 baada ya usiku ule, Carlassare aliwekwa wakfu kuwa askofu, tena hapo hapo Rumbek. Angeweza kupewa kazi nyingine mahali pa salama, na hakuna ambaye angemlaumu. Siku ile Wakristo wa Rumbek walimpokea mara ya pili, na mapokezi ya mara ya pili ni mazito kuliko yale ya kwanza, kwa sababu wote wawili, mpokeaji na mpokewaji, wamekwisha kujua gharama. Nasi tulipozisoma habari za siku hiyo tulikumbuka jinsi Yohana, katika sura ya kumi ya Injili yake, anavyomweka mchungaji upande mmoja na mtu wa mshahara upande mwingine. Mbwa-mwitu hajaja, wote wawili wafanana. Wavaa namna moja, washika fimbo namna moja.

Mambo hayakuishia hapo. Mtakumbuka kwamba mnamo Aprili 2019 viongozi wa Sudan Kusini walialikwa Roma kwa siku za sala, na Papa Francis, mzee mwenye maumivu ya miguu, alipiga magoti akabusu miguu yao, akiwasihi wadumishe amani. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alikuwa amesaidia kuleta mkutano huo. Kisha Februari 2023 watu watatu wakafika Juba pamoja: Papa, Askofu Mkuu wa Canterbury, na Moderata wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields. Wapresbiteri mnaotusikiliza Thogoto na Tumutumu, hilo ndilo kanisa lililowatuma wamisionari kwa babu zenu. Basi Mkatoliki, Mwanglikana na Mpresbiteri walisali pamoja mbele ya watu wa nchi moja iliyojeruhiwa.

Nao watu wa Rumbek walikwendaje Juba kuonana nao? Vijana wapatao 60 walikwenda kwa miguu, safari ya siku tisa, karibu kilomita 400. Walipita katika vijiji ambavyo Wadinka na makabila ya jirani huibiana ng'ombe na kuuana, wakaimba na kusali amani humo, wakilala walipopokewa. Pamoja nao alitembea askofu wao, kwa miguu ile ile iliyopigwa risasi. Isaya katika sura ya 52 ataja miguu ya aletaye habari njema juu ya milima. Huko hakuna milima mingi, kuna vumbi na jua, lakini twadhani nabii angeitambua miguu hiyo.

Mwaka 2024 Askofu Carlassare alipewa jimbo jingine, Bentiu, jimbo jipya kabisa lililotengwa kutoka Malakal. Bentiu ni nchi ya Wanuer, ambako kwa miaka kadhaa mafuriko yamekataa kuondoka, na watu wengi wamebaki wakiishi nyuma ya kuta za udongo zinazozuia maji. Hivyo Wanuer wakampokea mtu aliyetoka kwa Wadinka, na watu wa Rumbek wakamsindikiza waliyempokea mara mbili.

Na tuombe. Bwana wetu, twawakumbuka mbele zako watu wa Rumbek na watu wa Bentiu, walio ndani ya maji na walio katika mavumbi. Uwakumbuke waliofungwa kwa kosa la usiku ule, na jamaa zao. Ushirika wetu ulio na kufuli mbili mlangoni, Bwana, waujua kwa jina. Amina.